LibreOffice Writer kwa makala za Kiswahili: uzoefu wangu hapa Arua, Uganda

Mimi kazi yangu ni kupitia makala za vijana wetu kabla hazijapandishwa mtandaoni, michezo, kilimo, siasa za wilaya, chochote kinachokuja, na yote naifanyia kwenye LibreOffice Writer, programu ya kuandikia kwenye kompyuta. Wanaoniuliza kama inafaa nawaambia inafaa tena sana, hasa kama umeme wa kwenu unakatika-katika kama wa kwetu.

Kwanza ni ya bure, hakuna leseni ya kununua wala ya kuibia. Ila faili la kuinstoo linazidi MB 300 kwa hiyo usidaunlodi na bando lako la siku, tafuta mwenye wifi au kopi kwa flashi ya mtu. Bando hapa Uganda siyo mchezo jamani, ile OTT, kodi ya mitandao ya kijamii ya shilingi 200 kwa siku, ilivyotolewa Julai 2021 wakaweka kodi ya asilimia 12 kwenye data yenyewe, sasa ukae unaandika ndani ya brauza MB zinakwenda na wewe bado unatafuta sentensi ya kwanza? Mimi sitaki. Naandika bila data, nawasha wakati wa kupandisha tu. Na ile Januari 2021 intaneti ilipozimwa nchi nzima kwa ajili ya uchaguzi, mwenye drafti zake ndani ya mashine aliendelea na kazi, mwenye kila kitu huko mtandaoni alikaa tu.

Sasa kuseivu, hapa ndio penyewe. Ukiiacha ilivyokuja inaweka nakala ya kuokoa kila baada ya dakika 10, na kwa Arua dakika 10 ni nyingi mno. Ingia kwenye mipangilio, sehemu ya kufungua na kuseivu, badilisha iwe dakika 1, halafu weka tiki pale pa kuseivu na dokyumenti yenyewe, maana bila hiyo tiki inaokoa nakala ya pembeni tu, faili lako linabaki la zamani. Kijana mmoja alikuwa katikati ya ripoti ya mechi kwenye desktopu isiyo na betri wala UPS ya kushikilia umeme, umeme pu, akashika kichwa. Uliporudi akafungua programu, kidirisha kikatokea kinauliza kama irudishe faili, kubonyeza tu, kilichopotea ni nusu sentensi na jina la mfungaji, na jina lenyewe analo kwenye daftari.

Upande wa tahajia ina kamusi ya Kiswahili, wakati wa kuinstoo angalia kwenye orodha ya kamusi uhakikishe imewekwa, halafu lugha ya maandishi uchague Kiswahili cha Tanzania, usipofanya hivyo ukurasa mzima unakuwa mistari myekundu kama umechinja kuku juu yake. Majina ya kwetu, Ayivu, Terego, Maracha, Koboko, unayaongeza mwenyewe kwa kubonyeza kulia, mara moja tu basi.

Lakini usiiachie kazi yote, kamusi yoyote inajua neno lipo au halipo, haijui ulitaka kusema nini. Huku kwetu L na R zinatusumbua wengi, mtu anaandika wananchi walipanga foleni kupiga kula badala ya kura, na kula ni neno, kwa hiyo hakuna mstari mwekundu hata kidogo. Bwana harusi naye badala ya mahari analipa mahali, ng'ombe sita. Kwa hiyo makala ya siasa ikifika tu nabonyeza Ctrl na F natafuta kula zote, naangalia moja moja. Baada ya hapo namwambia mwandishi mwenyewe aisome kwa sauti mimi nikisikiliza tu, pale anapovuta pumzi mara mbili hiyo sentensi tunaikata. Wengine wanaona aibu mwanzoni, wanazoea.

Kitu kingine ninachokipenda ni kurekodi mabadiliko. Ukiwasha, kila nilichofuta na nilichoongeza kinaonekana kwa rangi, mwandishi anakubali au anakataa, hatuna ugomvi wa nani kaharibu makala ya nani. Ila kabla ya kupesti kwenye tovuti kubali mabadiliko yote na futa maoni yote, msomaji asije akakuta mnabishana humo.

Sisi tunapandisha kwa WordPress, programu inayoendesha tovuti yetu, yenyewe pia inajiseivia kila dakika kama mtandao upo, na unaweza kuona makala itakavyotokea kabla hujaiachia. Kwa wanaopanga makala itoke yenyewe asubuhi, angalieni saa za tovuti, ikiwa bado iko UTC, ile saa ya kimataifa, makala yako inachelewa kutoka kwa masaa matatu ukilinganisha na saa za Kampala. Na saa mbili asubuhi yetu iandikwe 08:00, ukiandika 2 inatoka watu wako usingizini, wakiamka imeshakuwa habari ya jana.

Wanaoandika kwa simu hii siyo yao, kwa Android wana ile LibreOffice Viewer ambayo kimsingi ni ya kusomea. Vijana wa simu huwa wananitumia maandishi matupu kwa WhatsApp, mimi nayaingiza kwenye mashine na kazi inaendelea kama kawaida.