Albamu Mpya za Bluzi za Akina Mama Wenye Koo: Ipi Ununue Kwanza

Albamu ya bluzi, ule muziki wa Wamarekani Weusi, ya mwanamke mwenye sauti kubwa ni rahisi kuisifia, na ni rahisi vilevile kuingizwa nayo mjini. Prodyuza akishaona koo lina nguvu, anamwachia mwimbaji apige kelele mwanzo mwisho. Ukifika wimbo wa nne masikio yanaomba poo.

Kwa hiyo kabla sijatoa hela natafuta wimbo wa taratibu kuliko yote na kuanza na huo. Kwenye wimbo wa kasi kuna dramu na magitaa ya kumbeba mwimbaji. Kwenye wa taratibu yuko peke yake. Akinong'ona na bado nikamtegea sikio, nanunua. Hizi tano, zote za 2024 na 2025, nimezipanga kwa kipimo hicho; kwenye mabano ni lebo iliyoitoa na mwaka.

1. Shemekia Copeland, Blame It on Eve (Alligator, 2024)

Kama mfuko una hela ya moja tu, chukua hii. Shemekia ni mzaliwa wa Harlem, New York. Baba yake, Johnny Copeland, alikuwa mpiga gitaa wa Texas ambaye katikati ya miaka ya 1980 alitoa albamu aliyokwenda kuirekodi Abidjan. Mzee alifariki 1997. Mwaka uliofuata binti, akiwa na miaka 19, akatoa albamu yake ya kwanza, na 2011, kwenye tamasha la bluzi la Chicago, binti wa hayati Koko Taylor, aliyeitwa Malkia wa Bluzi, akamvika Shemekia taji la mama yake.

Zamani Shemekia alikuwa anaingia kwenye wimbo kama anavunja mlango. Siku hizi anabisha hodi kwanza. Kazi hii imefanyika Nashville, mji wa kantri, chini ya prodyuza Will Kimbrough, ndiyo maana ina ladha ya kantri na ala hazisongamani. Usiruke "Tee Tot Payne", unaomhusu Rufus Payne, mwanamuziki Mweusi wa mitaani huko Alabama aliyemfundisha Hank Williams kabla Hank hajawa jina kubwa la kantri. Mwanafunzi ana sanamu mjini Montgomery. Mwalimu wanamjua wachache.

Halafu nenda "Down on Bended Knee", wimbo wa baba yake. Hapo ndipo niliposhindwa kuendelea na kazi niliyokuwa nafanya. Anauimba wimbo wa mzee bila kumwiga mzee, na pale unapotegemea apige ukelele, anakaa kimya kidogo. Kasoro ipo: mashairi ya nyimbo moja mbili yanahubiri kuliko kusimulia.

2. Ruthie Foster, Mileage (Sun, 2024)

Hii ndiyo iliyobeba Grammy ya albamu bora ya bluzi ya kisasa Februari 2025, na sina ugomvi na majaji. Ruthie amekulia Gause, kijiji cha Texas, akiimba kanisani, kisha akapitia jeshi la majini la Marekani. Sauti yake ni pana na ina joto, haikukimbizi. Prodyuza, Tyler Bryant, ni mtu wa roki, na mara mbili tatu gitaa linataka kumpanda mama kichwani. Hilo tu ndilo lililomnyima namba moja. Ila kama unamnunulia mama au shangazi zawadi, anza na hii.

3. Mavis Staples, Sad and Beautiful World (Anti-, 2025)

Wapo watakaosema hii si bluzi, ni injili. Baba yake Mavis, Pops Staples, alikulia Mississippi akimsikiliza Charley Patton, gwiji wa bluzi ya zamani, kwa hiyo ubishi huo sina subira nao. Mavis alizaliwa Chicago 1939. Ule mlipuko wa koo la ujanani haupo tena, na hajifanyi kuwa nao. Aliyemsikia Bi Kidude uzeeni anajua sauti iliyochakaa inavyoweza kuwa nzito kuliko ya msichana. Si ya kuchezea. Ni ya usiku, watoto wakishalala.

4. Southern Avenue, Family (Alligator, 2025)

Bendi ya Memphis. Tierinii Jackson ndiye anayeongoza, ndugu zake Tikyra, anayepiga dramu, na Ava wanaitikia, na gitaa liko kwa mumewe, Ori Naftaly. Uitikiaji wa ndugu wa tumbo moja huwezi kuununua studio. Ya safari ndefu.

5. Beth Hart, You Still Got Me (Provogue, 2024)

Koo kali kuliko yote hapa, na ndiyo shida yenyewe. Slash na Eric Gales wamekuja na magitaa yao, kila mtu anataka kusikika. Akitulia anavutia. Mpe rafiki anayetoka kwenye roki.

Kuhusu namna ya kununua: santuri ni tamu mkononi, lakini piga hesabu ya posta na ushuru kwanza. Niliwahi kuagiza moja kutoka nje, ikafika imepinda kama ndoo ya plastiki iliyosahauliwa juani. Muuzaji akasema hilo ni la wasafirishaji, wasafirishaji wakasema ni la muuzaji. Tangu siku hiyo nanunua CD, ambazo ni nyepesi na hazipindi kirahisi, au faili. Ukipewa uchaguzi wa aina ya faili, chukua FLAC badala ya MP3. Haipunguzi chochote kwenye sauti, ila andaa nafasi ya MB 300 hivi kwa kila albamu. Na kama unasikilizia spika ya simu, hela ya albamu iweke kwanza, nunua hedifoni.