Turbo kwenye injini chakavu ya rota: huduma niliyopewa na uamuzi niliofikia

Gari langu ni Mazda RX-8 ya mwaka 2004, yenye injini ya Renesis ya rota mbili (vipande vya pembetatu vinavyozunguka badala ya pistoni), ujazo wa cc 1,308. Kwa miezi kadhaa ilikuwa ikiwaka vizuri asubuhi, lakini ikishapata moto na kuzimwa, nilisaga stata mpaka betri ikachoka. Gereji ya kwanza ilifungua boneti, ikasikiliza mlio, ikasema nguvu zimepungua kwa uzee na dawa yake ni turbo, kisha ikanitajia bei bila kupima chochote. Huduma hiyo siipi hata nyota moja.

Gereji ya pili ilianza kwa kupima kompresheni, yaani shinikizo la hewa inayobanwa ndani ya injini, nami nikasimama pembeni kutazama. Geji ya kawaida ya injini za pistoni hushikilia namba kubwa tu na kuficha nyingine, ilhali kila rota ina pande tatu, na kila upande una chemba yake. Fundi alikuwa na kipimo maalumu kinachosoma pande zote tatu pamoja na kasi ya stata, kisha akarekebisha namba zilingane na mizunguko 250 kwa dakika, kama Mazda inavyoelekeza. Kiwango cha chini kinachokubalika ni kilopaskali 680. Rota ya mbele ilitoa 690, 700 na 680, yaani imeponea chupuchupu. Ya nyuma ilitoa 660, 510 na 490. Fundi akaweka kidole kwenye namba mbili za mwisho. Sili ya ncha ya rota, yaani kizibo chembamba kilicho kwenye kona yake, hutenganisha chemba mbili zinazopakana, kwa hiyo ikichakaa huziangusha zote mbili kwa pamoja.

Hapo ndipo suala la turbo lilipojijibu lenyewe. Turbo husukuma hewa zaidi ndani ya chemba, lakini haizibi mahali panapovuja. Inachoongeza ni shinikizo na joto juu ya sili iliyokwisha kulika. Zaidi ya hayo, Renesis haikuundwa kwa ajili ya turbo: uwiano wake wa mgandamizo (kiasi ambacho hewa hubanwa ndani ya chemba) ni 10 kwa 1, ilhali injini ya 13B-REW ya gari la Mazda RX-7, iliyotoka kiwandani na turbo mbili, ilikuwa na 9 kwa 1. Mchanganyiko wa mafuta na hewa ukibanwa kupita kiasi na kulipuka kabla ya wakati wake, sili huvunjika, na kipande chake huchimba ukuta wa nyumba ya rota (gamba ambamo rota huzunguka), sehemu ambayo ni ghali kuliko sili zenyewe. Tundu la katikati la ekzosi nalo hutumiwa na rota zote mbili, kwa hiyo eneo hilo huwa na moto mkali hata bila turbo.

Nimekubali injini ishushwe, iwekewe sili na springi mpya, na nyumba za rota zipimwe kabla ya kurudishwa. Fedha ya turbo imeishia huko, wala sijutii.

Kwa upimaji, gereji ya pili naipa nyota nne. Ya tano nimeizuia kwa sababu majibu iliyaandika kwenye kipande cha boksi la plagi, na ilinibidi niombe mara mbili ndipo nikapewa karatasi yenye tarehe na kilomita, karatasi ambayo mnunuzi makini wa RX-8 huiulizia kabla hajauliza bei.