Kikokotoo cha alama cha Express Entry: kilichoniambia ukweli kuliko wakala niliyemlipa

Kwa miezi minne nilitembea na namba moja kichwani: 69. Wakala niliyemlipa anishughulikie maombi ya kuhamia Kanada kama mfanyakazi mwenye ujuzi alinipigia simu, akasema alama za kupita ni 67, mimi nimepata 69, kwa hiyo nimepita na kilichobaki ni malipo ya awamu ya pili. Nililia kwa furaha siku ile. Mimi ni mhandisi wa umeme, nina shahada ya kwanza na miaka mitano kazini, sijaoa, na wakati huo nilikuwa na miaka 31. Niliamini mlango umefunguka.

Ile 69 haikuwa ya uongo, na ndiyo maana ilinikaa. Programu ya Kanada ya wafanyakazi wenye ujuzi ina kipimo cha kwanza chenye alama 100, na anayefikisha 67 anaruhusiwa kuingia kwenye orodha ya waombaji ya Express Entry, mfumo wa Kanada wa kuchagua wahamiaji wenye ujuzi. Kuruhusiwa kuingia tu. Ukishaingia unapimwa upya kwa mizani nyingine kabisa, inayokwenda hadi alama 1,200, na hiyo ndiyo inayoamua nani apewe mwaliko wa kuomba ukaazi wa kudumu. Kwenye mizani hiyo nilikuwa na 373. Wakala hakuwahi kuitaja. Niliijua usiku mmoja nilipofungua mwenyewe kikokotoo kilichopo kwenye tovuti ya serikali ya Kanada, cha bure, kisichohitaji hata kufungua akaunti.

Niseme kinavyofanya kazi, maana natamani kila anayepanga safari hii akijaribu kabla ya kumlipa mtu yeyote. Kinakuuliza hali ya ndoa, umri, elimu, matokeo ya mtihani wa lugha, miaka ya kazi ndani na nje ya Kanada, kama una kaka au dada anayeishi huko, kama kuna jimbo limekuteua. Kwa dakika kumi hivi kinakupa jumla, tena imechambuliwa kipengele kwa kipengele. Uchambuzi huo ndio dhahabu yenyewe. Wangu ulisoma hivi: umri 99, shahada 120, lugha 116, na sehemu ya mwisho inayounganisha elimu, uzoefu na lugha, 38.

Hiyo 38 ilinisumbua. Nilirudi nikabadilisha kitu kimoja tu, matokeo ya uandishi, kutoka bendi 6.5 hadi 7.0 ya IELTS, mtihani wa Kiingereza. Jumla ikaruka kutoka 373 hadi 418. Nilidhani nimekosea, nikajaza tena tangu mwanzo. Hapana. Kwenye lugha yenyewe niliongezewa alama 8 tu, lakini ukifikisha ngazi ya 9 ya vipimo vya lugha vya Kanada katika stadi zote nne, shahada yako na uzoefu wako huanza kuhesabiwa kwa uzito mkubwa zaidi katika ile sehemu ya mwisho: shahada ikapanda kutoka 13 hadi 25, na uzoefu kutoka 25 hadi 50. Stadi tatu nilikuwa nimeshazifikisha. Nusu bendi ya insha ilikuwa imeshikilia alama 45, na niliyekuwa namlipa hakuniambia nirudie mtihani. Jambo hili liliniuma kuliko fedha.

Nilirudia mtihani wote baada ya wiki tisa za kuandika barua moja na insha moja kila siku, nikimpa mwalimu azisahihishe bila huruma. Nikapata 7.0. (Hakikisha unasajiliwa aina ya IELTS iitwayo General Training; matokeo ya Academic hayakubaliki kwa njia hii. Matokeo hudumu miaka miwili.)

Kikokotoo nakipenda, ila kina upungufu ambao lazima niuseme. Kinaamini chochote unachokiandika. Ukisema una shahada, kinakupa alama za shahada hata kama cheti chako hakijafanyiwa tathmini na taasisi inayotambuliwa, na bila tathmini hiyo alama zile si zako. Mimi nilitumia WES, mojawapo ya taasisi hizo. Wao walikwenda vizuri, hatua zote nikiziona kwenye akaunti yangu. Kilichochelewesha ni chuo nilichosoma, kutuma nakala ya matokeo moja kwa moja kama inavyotakiwa. Anza na hilo mapema, ripoti ya tathmini inadumu miaka mitano. Pia kikokotoo hakikuambii alama ulizonazo zinatosha au la. Hilo unalipata kwenye ukurasa mwingine wa serikali hiyo hiyo, unaoonyesha kila raundi ya mialiko: tarehe, idadi ya walioalikwa, alama za chini. Nilipousoma nikakubali kwamba hata 418 ni ndogo. Raundi za jumla za mwaka 2024 zilikuwa juu ya 500.

Nilipomrudia wakala na namba hizi, alibadilisha wimbo. Akasema kuna barua ya ajira kutoka kwa mwajiri wa Kanada anayoweza kunipatia kwa malipo, na itanipandisha alama. Zamani ofa ya kazi iliyothibitishwa ilikuwa na alama 50, au 200 kwa vyeo vya juu kabisa. Tangu tarehe 25 Machi 2025 alama hizo zimeondolewa, na sababu mojawapo iliyotolewa na serikali ni biashara hii hii ya kuuza barua. Angeniuzia karatasi ya kughushi isiyo na alama hata moja, na ambayo ingenifungia mlango, kwa sababu atakayebainika kudanganya kwenye maombi anazuiwa miaka mitano. Adhabu ni ya mwombaji, hata kama karatasi imeletwa na wakala. Hapo nikaachana naye. Fedha sikurudishiwa.

Kwa sheria ya Kanada, anayekushauri au kukuwakilisha kwa malipo katika mambo haya lazima awe mwanasheria au msaidizi wa kisheria aliyesajiliwa huko, mthibitishaji (notary) wa jimbo la Quebec, au mshauri mwenye leseni ya College of Immigration and Citizenship Consultants. Orodha ya washauri hao iko wazi mtandaoni, unaandika jina unaona leseni yake ni hai au la. Jina la wakala wangu halikuwemo. Ningelitafuta siku ya kwanza ingenichukua dakika moja. Baadaye nililipia saa moja tu ya mshauri mwenye leseni, na ile saa ilikuwa na thamani. Alisoma barua yangu ya uthibitisho wa kazi akasema ingekataliwa: ilitaja cheo na mwaka wa kuajiriwa tu. Inatakiwa ionyeshe majukumu, saa za kazi kwa wiki, mshahara, tarehe za kuanza na kuacha, na sahihi kwenye karatasi rasmi ya mwajiri. Alinisisitizia niitafute sasa, kwa kuwa mwaliko ukija unabaki na siku 60 tu za kuwasilisha kila kitu, pamoja na vyeti vya polisi vya kila nchi uliyoishi miezi sita au zaidi mfululizo katika miaka kumi iliyopita. Jambo lingine alilonieleza, na ambalo hakuna alama itakayokuonyesha: ukaazi si leseni ya uhandisi. Leseni hutolewa na chama cha jimbo utakakokwenda, kwa masharti yake.

Nilimuuliza 418 naipandisha vipi. Njia mbili, akasema. Uteuzi wa jimbo, ambao peke yake ni alama 600, au Kifaransa. Nilirudi kwenye kikokotoo nikajaza Kifaransa cha ngazi ya 7 katika stadi zote nne: zikaja 62 zaidi, nikasoma 480. Tena wanaojua Kifaransa wana raundi zao. Ile ya tarehe 21 Machi 2025 iliita watu 7,500, na alama za chini zilikuwa 379.

Kwa hiyo nasoma Kifaransa kila siku alfajiri kabla ya kazi, nikijiandaa kwa TCF Canada, mtihani wa Kifaransa unaokubalika kwa njia hii. Kusikiliza ndiko kunanitesa. Kusoma kumekubali haraka. Mwezi uliopita nilitimiza miaka 32, nikafungua kikokotoo tena kwa sababu najua umri haunisubiri. Alama 99 za umri zimekuwa 94. Jumla yangu ya leo ni 413, na Kifaransa kikikubali itakuwa 475.