Vitabu vya ugomvi wa waanarkisti na wakomunisti: kipi ununue, kipi upakue bure

Waanarkisti, watu wanaotaka jamii isiyo na serikali, wengi wao walijiita wakomunisti pia. Ardhi na viwanda kuwa mali ya wote halikuwa tatizo kwao. Ugomvi wao na wafuasi wa Marx, uliofikia mwanarkisti Bakunin kufukuzwa kwenye mkutano wa Jumuiya ya Kimataifa ya Wafanyakazi huko The Hague mwaka 1872, ulihusu dola, yaani mamlaka ya serikali: wafanyakazi waikamate waitumie, au waivunje mara moja? Kitabu kisichogusa swali hilo kiache dukani kwa sasa. Ndiyo maana *The Conquest of Bread* cha mwanarkisti Kropotkin, kinachopendekezwa kila mahali, hapa hakimo. Ni kizuri, ila kinahusu zaidi jinsi watu watakavyopata chakula, nyumba na mavazi baada ya mapinduzi.

1. Emma Goldman, *My Disillusionment in Russia*

Ukiwa na pesa ya kitabu kimoja, chukua hiki. Goldman, mwanarkisti, alifukuzwa Marekani Desemba 1919, akaingia Urusi akiwaunga mkono Wabolsheviki, yaani wakomunisti wa Lenin, akaondoka Desemba 1921 akiwa hana hamu nao. Alikuwa Petrograd Machi 1921, mizinga ya Wabolsheviki ilipokuwa ikiwapiga mabaharia wa Kronstadt, ngome ya wanamaji karibu na mji huo, waliodai uchaguzi mpya wa soviet (mabaraza ya wafanyakazi) kwa kura ya siri.

Hapa ndipo wanunuzi wengi hupigwa. Toleo la 1923 lilitoka bila sura 12 za mwisho, na Kronstadt imo humohumo. Sura hizo zilichapwa peke yake mwaka 1924 kwa jina *My Further Disillusionment in Russia*, na kitabu kizima kikatoka London mwaka 1925. Nakala za bei rahisi zinazochapwa kwa oda zinaweza kuwa zimenakili lile la 1923 bila kusema. Mwombe muuzaji picha ya ukurasa wa yaliyomo. Usipoiona sura ya Kronstadt, hicho ni kipande. Akikataa kutuma picha, hamia kwa mwingine.

2. George Orwell, *Homage to Catalonia* (1938)

Kwa aliyemjua Orwell kupitia *Shamba la Wanyama*, hiki ndicho kinachoonyesha chuki yake kwa Stalin ilikotoka. Kiini chake ni Mei 1937, katikati ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Hispania, polisi walioongozwa na mkomunisti walipovamia jengo la simu la Barcelona lililoshikiliwa na CNT, chama cha wafanyakazi cha waanarkisti. Orwell mwenyewe alipigana upande wa POUM, chama cha Kimarx kilichompinga Stalin, kwa hiyo usikisome kama sauti ya waanarkisti.

Matoleo ya zamani yana sura 14. Mengi ya sasa yana 12 na viambatisho viwili mwishoni, kama Orwell alivyotaka. Yaliyomo ni yaleyale, lakini ukiviruka viambatisho umeuruka ugomvi wenyewe.

3. Bakunin, *Statism and Anarchy* (1873)

Nunua tafsiri ya Marshall Shatz ya Cambridge, 1990. Nyingine nyingi ni vidondoo tu. Bakunin anaonya kwamba serikali ya wafanyakazi itageuka utawala wa wasomi wachache juu ya umma. Pia amejaza chuki dhidi ya Wajerumani na Wayahudi, na hilo halina utetezi. Kisome pamoja na maelezo ambayo Marx aliyaandika akikijibu, yanayopatikana bure mtandaoni. *State and Revolution* cha Lenin nacho ni bure. Usikitolee hata senti.

4. Sam Mbah na I. E. Igariwey, *African Anarchism* (1997)

Waandishi ni Wanijeria, na wanaujadili Ujamaa wa Tanzania. Ni chembamba na maandishi yake yako mtandaoni, kwa hiyo kionje kwanza kwenye simu.

Pesa ikibaki, ongeza *Kronstadt 1921* cha Paul Avrich (1970). Anawahurumia mabaharia, lakini anakubali Wabolsheviki walikuwa na sababu ya kuwazima. Msimamo huo unaudhi pande zote mbili, na ndio unaokifanya kifae kuwekwa kando ya Goldman.