Kisamvu au mchicha wa nazi kwa sinia ya Idi?

Wageni wakiwa wengi na pilau imeshashika jiko kubwa, mboga ya kando ndiyo huleta mabishano. Mchicha ni mwepesi. Masika yakikolea umejaa masoko ya Kongowea na Marikiti, na bei hushuka. Unauosha mchanga wote utoke, unakaanga kitunguu na nyanya, unautia, kisha tui zito mwishoni. Nusu saa umemaliza. Shida ni kwamba hausubiri mtu: wageni wakichelewa msikitini, unatoa maji, unakuwa mweusi, na tui linakatika ukiupasha moto mara ya pili.

Kisamvu kinadai kazi. Chagua majani machanga, yatwange kwenye kinu hadi yalainike, kisha yachemshe sana, sufuria wazi. Hapo usiharakishe, maana majani ya muhogo mabichi yana sumu, na ni kutwanga na kuchemsha kunakoipunguza. Ndipo utie tui jepesi, kunde au mbaazi zilizokwisha kuiva, chumvi, na umalizie kwa tui zito juu ya moto mdogo. Ndimu na pilipili mbuzi kila mtu ajiwekee.

Ila kisamvu hupikwa jana yake, na kikilala kwenye friji huongeza utamu. Kwa siku ya Idi mimi nakichagua, hasa kukiwa na wali mweupe na samaki wa kupaka. Mchicha naubakisha kwa futari ya watu watano, na sima.