Makefile moja, au moja kwa kila folda?

Make, programu ya kujenga programu nyingine kutoka kwenye msimbo wake, aliyoiandika Stuart Feldman pale Bell Labs mwaka 1976, bado tunaitumia kila siku ofisini kwetu Kilimani. Mjadala wetu ni huu: kila folda iwe na Makefile yake (faili la maagizo ambayo Make huyafuata), au mradi mzima uwe na moja?

Njia ya kwanza inavutia. Makefile ya juu huingia folda moja baada ya nyingine na kuamsha make nyingine humo kwa $(MAKE) -C. Anayeshughulikia malipo hagusi kazi ya mwenzake. Lakini kila make huona folda yake tu. Juzi nilirekebisha pesa.c kwenye folda ya maktaba, yaani msimbo unaotumiwa na folda nyingine. Folda ya malipo ilikuwa imetangulia kwenye orodha, kwa hiyo ikaunganishwa na libpesa.a ya zamani, maktaba iliyojengwa kabla ya rekebisho langu. Mchana kutwa nilisaka kosa ambalo nilikuwa nimeshalirekebisha! Ukiongeza -j ili kazi ziende sambamba, mpangilio huo wa zamu nao huvurugika.

Njia ya pili ni Makefile moja juu, na kila folda inaleta kipande kidogo, module.mk, kinachoingizwa kwa include. Make inauona mti wote wa utegemezi, yaani faili lipi linahitaji lipi, hivyo inajua kipi kitangulie, na -j haitishi ilimradi utegemezi umeandikwa sawasawa. Gharama yake ni kuandika jina la faili pamoja na folda yake, malipo/risiti.o badala ya risiti.o, na kuchunga majina ya vigeu yasigongane.

Mimi nachagua ya pili. Ya kwanza naiachia misimbo ya watu wengine iliyokuja na Makefile zake, hizo sizigusi.