Uzoefu wangu na begi la mgongoni la lita 28: kutoka mtumbani hadi Kilimanjaro

Begi lenyewe ni la nailoni, lita 28, mgongo wa wavu, na nimelinunua mtumbani pale Memorial, Moshi, kwa shilingi 45,000. Jina la kampuni siliweki, maana mtumbani huchagui toleo, unachagua kilichopo. Nimelibeba Kilimanjaro (njia ya Machame), milima ya Usambara, na Longonot kule Kenya. Kwa kifupi: mkanda wake wa kiuno ni mzuri kuliko bei yake, zipu inasumbua, na ule wavu una gharama ambayo wauzaji hawaisemi.

Watu huuliza lita kwanza. Longonot au Ngong, unakoenda na kurudi siku hiyohiyo, lita 20 zinatosha. Kilimanjaro hapana. Begi kubwa linabebwa na mgumu, yaani mpagazi, ambaye kwa kanuni ya hifadhi havuki kilo 20, naye anakupita mapema. Mpaka mfike kambini hulioni tena. Kwa hiyo hata kama getini jua linawaka, koti na suruali ya mvua unakaa navyo wewe, pamoja na sweta, glovu, taa ya kichwani, dawa, pasipoti, chakula cha mchana na maji lita 3. Jumla ni kilo 6 hadi 8, na lita 28 zinameza vyote bila kubaki nafasi ya kuchezea. Lita 40 sishauri. Utazijaza tu, na hutajua ulizijaza nini.

Lakini lita si kitu kama urefu wa mgongo haukubali. Inamisha kichwa, tafuta mfupa unaochomoza chini ya shingo. Kisha weka mikono kiunoni juu ya mifupa ya nyonga, vidole gumba vikielekeana nyuma. Mtu akupime kwa futi ya fundi cherehani kutoka kwenye ule mfupa hadi usawa wa vidole gumba. Mimi ni sentimita 46. Kwenye begi, pima kutoka pale mikanda ya mabega inaposhonewa hadi katikati ya mkanda wa kiuno. Begi likiwa fupi kuliko wewe, mkanda wa kiuno unakaa tumboni na mzigo wote unaning'inia mabegani. Likiwa refu, mkanda unashukia makalioni na juu ya mabega panabaki uwazi.

Usilijaribu tupu. Begi tupu linampendeza kila mtu. Mwombe muuzaji chupa tano za maji za lita moja na nusu, hiyo ni kilo 7.5, tia ndani, legeza mikanda yote, kisha funga kiuno kwanza juu ya mifupa ya nyonga. Kaza. Ndipo uvute mabega, na mwisho mkanda wa kifuani, usibane hadi pumzi ikate. Ukiweza kupitisha vidole viwili chini ya mkanda wa bega bila kulazimisha, uzito uko kiunoni. Kiunoni, mabegi mengi ya ukubwa huu yana utepe mwembamba tu usio na sponji. Huo unazuia begi kuyumba, haubebi kitu. Langu lina sponji inayofika mbele ya mfupa wa nyonga, na hilo peke yake ndilo lililonifanya nilipe.

Sasa wavu. Kwenye msitu wa Machame, siku ya kwanza, hewa inapita na shati halilowi jasho kama kwenye begi la sponji tupu. Ila ili wavu ukae mbali na begi, fremu imepindwa kuingia ndani. Matokeo yake ni mawili: mzigo unasogea nyuma na kukuvuta, na tumbo la begi linakuwa kama ndizi, vitu vya mraba havikai. Mfuko wa maji wa lita 2, ule wenye mrija wa kunywea, ukishajaa hauingii tena mahali pake ukiwa umeshapanga vitu. Uutie kwanza, ndipo upange.

Mrija wa mfuko huo, usiku wa kuelekea kilele, unaganda. Ukimaliza kunywa, puliza hewa maji yarudi mfukoni. Hata hivyo beba chupa ya mdomo mpana, uivalishe soksi nzito na uiweke kichwa chini, maana barafu huanzia juu. Na hapa begi langu linaniangusha: mifuko ya pembeni imeshonwa bapa, haina nafasi yake yenyewe. Begi likijaa, chupa ya lita moja haiingii, na ikiingia inachomoka ukiinama. Jaribu hili ukiwa umelijaza: toa chupa na uirudishe bila kuvua begi.

Mvua: kifuniko cha nje kinasaidia nusu. Maji yanatiririka mgongoni, yanapenya kwenye mishono ya mikanda na kutuama chini. Tia mfuko usiopitisha maji ndani ya begi, wa kukunja mdomo. Mifuko ya plastiki ya sokoni haiingii hesabuni, Tanzania imeipiga marufuku tangu Juni 2019.

Zipu ilianza kuachia nyuma ya kichwa chake, meno yakiwa mazima. Kinacholika ni kichwa, vumbi la juu ya msitu linakisaga. Nilibana kingo zake mbili za nyuma kwa plaizi, kidogo kidogo, kulia na kushoto sawasawa, ikashika. Ukibana kupita kiasi kinapasuka. Cha kubadilisha kinauzwa kwa mafundi. Angalia namba iliyopigwa mgongoni mwake, 5, 8 au 10, uipate ileile. Baada ya kila safari mimi hupiga meno ya zipu mswaki mkavu.

Kwa mtumba, kagua ndani kabla ya nje. Ligeuze, lisugue kwa dole gumba, linuse. Likinata kama gundi isiyokauka, likitoa magamba meupe na harufu ya kitu kilichochacha, utando wa kuzuia maji umeoza kwa joto na unyevu, na hakuna dawa ya kuurudisha. Unaweza kuusugua wote kwa spiriti na brashi ukabaki na begi zuri linalovuja, basi bei ishuke. Ukikaa Dar au Tanga, hata begi zima utando wake utaoza hivyohivyo ukilikunja likiwa na unyevu na kulifungia kabatini. Osha kwa mkono, maji baridi na sabuni ya kipande, anika kivulini, litundike likiwa wazi.